Majina kwa Mkupuo Mmoja

Alhamisi asubuhi, bawabu wa roshani ya wageni aliwaambia wachimba makaa ya mawe wa West Virginia wavue kofia ngumu, maana kofia haziruhusiwi katika Baraza la Seneti. Wakavua. Walikuwa wamekufa tangu majira ya baridi, mgodi ulipolipuka, lakini kanuni za roshani hazikusema lolote kuhusu hilo. Bawabu aliwaomba tu wasikohoe kwa nguvu.

Delphia Stamper alikaa na mumewe Harlan, mmoja wa marehemu hao. Walikuja kusikia swali moja: nani aliamuru feni ya kuingiza hewa mgodini izimwe? Wa kulijibu alikuwa Prentice Voll, meneja wa zamani wa mgodi, ambaye sasa alikuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa usalama wa migodi nchi nzima, akingoja kura ya Baraza. Mzee Tolliver, seneta wao, aliahidi kulikwamisha jina lake mpaka ajibu. Voll akikwama, mgodi ungebaki umefungwa, maana ni mkuu huyo tu awezaye kuufungua. Delphia hakutaka kingine, kwa sababu mwanawe Wade alikwisha kuandikwa kazi humo.

Kabla ya chakula cha mchana, Baraza lilibadilisha kanuni. Kazi za serikali zinachelewa, walisema. Majina sasa yangepigiwa kura kwa mkupuo, bila mjadala: mabalozi, wanasheria, wakurugenzi, na Voll katikati yao kama harage bovu guniani.

Tolliver alipanda roshani akihema.

"Bi Delphia, nikimkataa yeye nimewakataa wote. Humo yumo binti wa rafiki yangu, anakwenda ubalozini."

"Si ulikula mezani kwangu ukaniahidi?"

"Niliahidi kwa kanuni za wakati ule."

"Basi muulize Voll hata kwenye ngazi, mzee," alisema Harlan. "Hata kwa kunong'ona."

"Harlan, rafiki yangu, lazima tufuate utaratibu."

"Sisi tuliambiwa hivyo hivyo. Tazama tulivyo."

Seneta alimpa mkono, akajipangusa vumbi jeusi kwa leso, akashuka kupiga kura. Alisema ndiyo. Majina yote yakapita. Ilikuwa aibu tupu, na ilikuwa halali. Chini, watu walimpongeza Voll. Marehemu walikohoa taratibu kama walivyoombwa, na walipotoka bawabu alifuta viti vyao kwa kitambaa chenye maji.

Voll alitia saini mgodi ufunguliwe. Jumatatu alfajiri Delphia alichemsha maharage, akakata mkate wa mahindi, akajaza vindoo viwili vya chakula cha zamu.

"Nitatangulia mbele ya Wade," alisema Harlan. "Nikaonje hewa."

"Baba, wewe hupumui," alisema Wade.

"Ndiyo maana sina haraka ya kutoka."

Wade alicheka. Delphia hakucheka. Alimfunga mwanawe vifungo vya koti kama anayekwenda shule, kisha akawatazama wote wawili.

"Jioni msirudi mmefanana," alisema.

Harlan hakuahidi kitu. Alichukua kindoo chake, akamfungulia Wade mlango, wakashuka kilima kwenda zamu.