Kisima cha Shemeji

Bwana afya alifika kwenye banda la nguruwe na daftari kwapani. Nyuma yake alikuja shemeji mtu, leso puani, uso kaukunja kama aliyelazimishwa. Mjane hakuwakaribisha hata kwa kigoda. Tangu mumewe azikwe, huyu mdogo wa marehemu alikuwa hamwiti tena shemeji. Alimwita Mama Kinyesi, na mtaa mzima ukalidaka jina hilo.

"Kisima changu kimeoza," shemeji alifoka. "Wiki ya tatu hii watu wangu wanaharisha. Uchafu wake wote unanishukia mimi. Funga hili banda!"

"Ikithibitika, nguruwe wataondoka," bwana afya alisema.

Bila nguruwe hao mjane angerudi kwao mikono mitupu, na kiwanja kingebaki kwa shemeji. Hilo hakuhitaji kuambiwa. Hakuwapa raha ya kumwona anababaika.

"Twende tukauone huo uchafu," alisema. "Mficha uchi hazai."

Waliteremka kisimani. Bwana afya alichota kwa koleo tope jeusi lililokuwa likichuruzika ukingoni. Shemeji akatabasamu.

"Lipekue," mjane alisema. "Banda langu lote nalitandika maranda ya seremala. Kinyesi hakitoki kwangu bila maranda. Nitafutie hata moja."

Bwana afya akapekua kwa kijiti. Zilitoka mbegu za nyanya, kisha kipande cha gazeti. Maranda hayakuwamo.

"Nguruwe wangu hawasomi magazeti," mjane alisema.

Bwana afya aliinua macho taratibu mpaka kwenye choo kipya cha shemeji, hatua nane tu juu ya kisima. "Hiki umekichimba lini?"

"Mwezi... mwezi uliopita. Kule chini kulikuwa na mwamba."

Mke wa shemeji, aliyekuwa amekuja kuteka maji, ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka ndoo chini, akakimbilia nyuma ya nyumba kutapika.

Kisima kilifungwa saa ile ile. Bomba la karibu lilikuwa uani kwa mjane. Jioni shemeji alisimama langoni na madumu mawili, leso haipo.

"Shemeji," alianza.

Miaka miwili mjane hakuwa amelisikia neno hilo, na halikumlainisha hata kidogo. Alimchukia kama jana. Akamwonyesha beseni la dawa ya kuua vijidudu ambalo kila mgeni hulikanyaga kabla ya kuingia.

"Kanyaga hapo kwanza, miguu yote miwili. Sitaki nguruwe wangu waharishe."