Kichwa cha Samaki wa Vasiti

Jirani yangu Vasiti hana mume wala mtoto, na kila Jumamosi mtaa wetu hapa Suva unanukia tui lake. Mtu mmoja, samaki mzima! Anakaa mlangoni na mihogo yake, anafyonza kichwa hadi macho, tena bila haraka. Kwangu mimi kichwa ni cha mume wangu, Taniela. Akisafiri, ni cha mama yake. Tangu niolewe nakula mkia.

"Shoga, karibu tule!" huniita, kama tunavyomwita kila mpita njia. Nami hujibu inavyotakiwa, "Asante, nimeshiba," huku mate yamenijaa.

Jumamosi hii roho iliniuma nikashindwa. Nilivua ndala, nikaingia, nikajikalia mkekani.

Vasiti alishtuka, kisha akacheka. "Leo umeniweza!" Akatwaa sahani, akanipakulia, akanisogezea.

Mkia.

"Na kichwa je?" nikaropoka.

"Kichwa si cha mwenye nyumba, shoga?" alisema, akikivuta upande wake. "Kwani kwako anakula nani?"