Mapengo ya Mzee Nyange

Vuai mpiga picha alikuwa na siri yake, kaifungia kwenye mkebe wa biskuti: picha alizoambiwa azichane, naye hakuzichana. Maana watu wa Mtambile, mwaka ule wa hamsini na tisa, ukiwaelekezea kamera walikauka utadhani wanasomewa hukumu. Aliyetoka anacheka aliona kavunjiwa heshima. Na Vuai, mtu wa ajabu huyu, akizipenda hizo hizo.

Sasa Bi Mwanamize kamjia barazani, eda ya mumewe imekwisha juzi tu. Mkononi ana picha ya marehemu Mzee Nyange: kanzu imenyooka, mdomo kaubana, macho kayatoa.

"Mwanangu Vuai, huyu nani?"

"Si Mzee Nyange, Bi?"

"Huyu! Mume wangu mimi hakufunga mdomo miaka thelathini. Naamka asubuhi nautafuta uso wake, naona huyu bwana wa ukutani tu. Sura yake inanitoka, Vuai. Ile ya kwanza, aliyoikataa, uliichana kweli?"

Siku ile Mzee Nyange alimjia juu: "Mtu mzima mapengo nje! Ichane!" Naye akaahidi, akampa na mkono. Leo akiitoa, nani tena Mtambile atamwamini? Bi Mwanamize akaanza kuifunga picha yake kwenye kanga, taratibu, na hapo Vuai akashindwa.

"Nisamehe, Bi. Sikuichana." Akaufungua mkebe.

Mzee Nyange alikuwa humo, kichwa nyuma, mapengo yote matatu hadharani, kicheko kimemtoa machozi. Pembeni, mwanamke kaanguka kifudifudi juu ya jamvi la karafuu, mikono kainyoosha, na kuku anamponyoka.

Bi Mwanamize akaisogeza machoni.

"Yule kuku wangu! Na huyu mimi! Wallahi nilimnunia siku tatu, naye akaniapia hakunicheka, eti alikuwa anapiga chafya!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akalia, kisha akacheka tena huku analia, na Vuai naye machozi yakamlengalenga.

"Waongo wakubwa nyie," akasema Bi Mwanamize, akiyapapasa yale mapengo kwa kidole. "Wewe na yeye, wote wawili."