Kipande Chenye Pengo

Mtani asiyekutania amekuchukia. Hivyo ndivyo alivyoamini Babu Luhende, na mjukuu wake Paskalina aliishika imani hiyo kuliko katekisimu. Kwa desturi yao babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na mke ana haki zake. Basi kila likizo Paskalina akitoka shule ya bweni, alimkaushia babu nyama ya ng'ombe, na katikati ya vipande vitamu akaficha kimoja kilicholala ndani ya pilipili kichaa. Kila likizo kilimpata babu. Aliruka kitini, akatema moto, akaapa kumrudisha mke huyo kwao na kudai ng'ombe wake wote.

Likizo hii babu hakuwa kwenye zizi lake huko Kamsamba. Alikuwa Tunduma, kwa mwanawe Restuta, mama yake Paskalina, amekonda kama fito. Ugonjwa wa koo na dawa zake vilikuwa vimeuua ulimi wake, haonji tena ladha. Uji, mchuzi, maziwa, vyote aliviita maji, akavisukuma kando.

"Daktari anasema ulimi ukirudi atakula," mama alimwambia Paskalina jikoni. "Akila atapata nguvu ya kumaliza dawa. Asipokula, tumrudishe nyumbani."

Paskalina hakuuliza nyumbani kufanya nini. Akaamua kumpima mgonjwa kwa kipimo chake mwenyewe.

Mama alikuwa na mashine ya umeme ya kukaushia nyama, aliyoinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde: trei juu ya trei, na feni ya kupuliza joto. Paskalina akachagua mnofu usio na mafuta, akaukata vipande vyembamba, akaviloweka kwenye ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Kimoja alikikata pengo pembeni ili akitambue, akakifunga kifungo cha peke yake katika bakuli la pilipili. Kulipokucha akavipanga visigusane, na mfungwa akamweka trei ya chini kabisa, asije akawaambukiza wenzake.

"Nyama inapepewa?" babu aliuliza toka kwenye mkeka, kwa sauti iliyokwaruza. "Ni nyama hiyo au bibi harusi?"

"Wivu huo, mume wangu. Wewe nani atakupepea na mbavu hizo?"

Babu akacheka mpaka akakohoa.

Vipande vilipofika mahali pa kupinda bila kukatika, Paskalina akavipanga kwenye sahani, akapiga goti kwa heshima zote za mke mwema. Babu akamtazama usoni kwa muda. Akachukua kimoja, akatafuna polepole. Mara akashika shingo.

"Uwii! Restuta, njoo! Mke wangu ananiua! Maji!"

Mama alitoka mbio, akapiga kigelegele mlangoni. "Ulimi umerudi! Baba, umerudi!" Akachomoka na simu yake uani kumpigia shangazi.

Paskalina naye alikuwa amekwisha kuruka juu kwa furaha, ndipo macho yake yakashukia kwenye sahani. Kipande chenye pengo kilikuwa palepale.

Kabla hajakiondoa, babu alikichukua. Akamega ncha yake, akaitafuna taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hiki sasa ndiyo nyama. Hakina fujo kama kile."

"Nigawie, mume wangu," Paskalina alisema.

Babu akamkatia nusu ya kilichobaki. Paskalina akaiweka yote kinywani, akatafuna. Moto ukapanda puani, machozi yakamtoka, akayaacha. Pilipili ilimpa kisingizio cha kulia, na hakuna ambaye angemuuliza. Ila hakuweza kuyazuia yalipozidi yale ya pilipili.

Babu alimtazama. Akakitazama kipande kilichobaki mkononi mwake, akapapasa lile pengo kwa kidole gumba. Akaacha kutafuna.

"Kumbe ndicho hiki," alisema.

Uani, mama alikuwa akicheka kwenye simu, akimwambia shangazi aandae kuku.

"Usimwambie mama yako leo," babu alisema. Akamega tena kile kile, akala.