Mablanketi ya Mama Hewa

Nanjala alifanya kazi katika idara ya serikali ya utabiri wa hali ya hewa, pale Dagoretti Corner, na kwa sababu hiyo hakuna mtu mtaani kwake Mutuini aliyemwamini.

Walimpenda, hilo lisemwe wazi. Walimwita Mama Hewa, na akipita dukani aliwekewa maziwa bila kuomba. Lakini kuna Jumapili moja alitangaza redioni kwamba kutakuwa na jua, na mvua ikashukia harambee ya kanisa mpaka pilau ikageuka uji. Alijaribu kuwaeleza kazi ya ofisini kwao. Wanatazama mawingu kwa picha za setilaiti, wanarusha puto lenye vifaa vya kupima joto na upepo huko juu, kompyuta inapiga hesabu, halafu wao wanakaa na kubishana kabla ya kusema lolote. Hata baada ya hayo yote, wanachotoa ni uwezekano, si ahadi. Watu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kwenye habari ya pilau.

Mume wake, Shem, alichomelea mageti huko Uthiru. Hakuwa na maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo hayakuwa na sukari. Kwa maoni yake kazi ya mkewe ilikuwa ngumu kuliko yake. Geti likipinda unaligonga nyundo. Wingu likipinda unatukanwa.

Mwezi wa nne ulipofika katikati, idara ilitoa tahadhari: Ijumaa kuanzia jioni mvua kubwa, na wanaokaa kando ya mito wahame mapema. Ilisomwa redioni, ikaingia kwenye simu, na chifu akapita na kipaza sauti. Asubuhi ya Ijumaa Nanjala alikuwa akifunga viatu kwenda zamu ambayo ingemrudisha kesho yake.

"Mwambie Mama Ryan atoke kule chini," alisema. "Asingoje aone maji."

"Nitamwambia."

"Na ule chakula, Shem. Si mkate na soda."

Mama Ryan, jina lake Veronicah, alikuwa mpangaji kule bondeni, kwenye safu ya vyumba vya mabati iliyokaribiana na mto. Alifua nguo za watu na kulea watoto watatu. Vyumba vile, pamoja na nyumba ya Shem huku juu, vilikuwa mali ya mzee Kibe, mfugaji mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa kanisani. Shem aliposhuka alimkuta Veronicah amekwisha kunja godoro na kulisimamisha mlangoni, na kupanga sufuria ndani ya beseni. Majirani zake pia walikuwa wakifunga virago. Kibe alikuwa amekubali wahamie ghala lake la nyasi, juu kabisa. Shem akaona kazi yake imekwisha.

Akarudi nyumbani, na hapo ndipo alipofanya jambo la mapenzi lililokaribia kuleta maafa.

Jua lilikuwa kali, lile jua linalouma la kabla ya mvua. Shem alitazama kitanda. Kwa muda mrefu Nanjala alikuwa akilalamika kwamba mablanketi yananuka moshi wa chuma, kana kwamba analala ndani ya karakana. Angerudi kesho amechoka. Shem akapiga hesabu: mvua ni jioni, jua ni la sasa, saa tisa yatakuwa yamekauka. Akayatumbukiza mablanketi yote kwenye karai, akayakanyaga kwa miguu kama mtu anayekanda matope, akayaanika kwenye kamba mbele ya nyumba, moja jekundu, moja la kijani, moja lenye picha ya simba. Alisimama akayaangalia, akajisikia mume hodari.

Alipokwenda kununua sabuni nyingine, alitupa jicho bondeni. Godoro la Veronicah halikuwa tena mlangoni. Moshi wa jiko ulikuwa ukipanda. Watoto wake walikuwa wakicheza kando ya mto.

Akateremka mbio. "Mama Ryan! Mbona umerudisha vitu?"

Veronicah alikuwa akichambua sukuma wiki, ametulia. "Si tumeona kwenu."

"Mmeona nini kwetu?"

Mzee Kibe, aliyekuwa amekuja kuangalia wapangaji wake, alimcheka. "Fundi, kwani hujui? Sisi hatusikizi redio. Tunaangalia kamba ya bibi yako. Akianika, tunaanika. Akianua, tunaanua. Mtu anaweza kukosea redioni, lakini nguo zake mwenyewe hawezi kuzichezea."

"Na leo ameanika blanketi!" akasema Veronicah. "Tena zote! Nani anaanika blanketi na mvua inakuja?"

"Ni mimi nimeanika!"

Wakacheka wote, mpaka Kibe akajishika kiuno.

"Wewe? Wewe ufue blanketi?" Kibe aliuliza.

"Wacha bangi, Baba," akasema Veronicah. "Tangu lini?"

"Mvua inakuja jioni," Shem alisema. "Nanjala mwenyewe ameniambia."

"Fundi, wewe ni mtu wa mageti," Kibe alimpigapiga bega. "Hii ya mawingu achia mama. Na mama amesema kwa kamba."

Shem alipanda kilima akitweta, akampigia mkewe simu. Nyuma ya mkewe zilisikika sauti za watu ofisini wakitajiana majina ya vituo. Alimwambia kila kitu, hata simba.

"Wanaangalia kamba yangu," Nanjala alirudia.

"Ndiyo."

"Tunakaa hapa tukipima kila neno la tahadhari, kumbe mimi natoa nyingine kwa chupi zangu." Akacheka, lakini haikuwa furaha. "Shem, wingu limeshajikusanya upande wa Ngong. Linakuja mapema kuliko tulivyosema. Anua."

"Bado yanatiririka maji."

"Anua hivyo hivyo. Na upige kelele ukianua."

Shem hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo alizipata. Aliyavuta mablanketi yale mazito, maji yakimmwagikia kifuani, akipayuka jina la Nanjala kama nyumba inaungua. Alimburuta simba kwenye matope. Jirani wa kwanza akachungulia, akaiona kamba tupu, akakimbilia nguo zake. Wa pili naye. Kamba moja baada ya nyingine ikabaki tupu kuteremka kilima, na huko chini Veronicah alisimama, mkono juu ya macho, akatazama. Kisha akageuka kuwaita watoto wake.

Kibe mwenyewe ndiye aliyebeba godoro. Shem alibeba jiko na mtoto mdogo kwa safari moja. Matone ya kwanza, makubwa kama njugu, yaliwakuta mlangoni pa ghala, na muda si muda mto ukaingia kwenye vyumba vitupu na kutoka upande wa pili na mlango mmoja.

Nanjala alirudi asubuhi, viatu mkononi. Ghala lilikuwa limevuja, kwa hiyo akawakuta watoto wa Veronicah kitandani kwake chini ya makoti ya Shem, na mama yao jikoni akichemsha chai. Mablanketi yalikuwa rundo la matope kwenye karai.

"Na hayo?" aliuliza.

"Nilitaka ulale pazuri," Shem alisema, akitazama sakafu.

Nanjala alikaa kando yake kwenye kochi, akamwegemea, na kabla chai haijafika alikuwa amelala, mdomo wazi. Mzee Kibe alibisha mlango, akaanza kuuliza kwa ile sauti yake kama leo itanyesha.

"Muulize kesho," Shem alimwambia, na hakusogea.