Mzigo wa Antoinette

Treni ile ilikwenda kwa saa moja na kurudi kwa saa moja. Mke wangu alifunga chakula cha siku tatu.

Naanza hapo kwa sababu wanaocheka huwa wanaanza hapo. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, mwaka tisini na nane. Juu ya Pinetown, huku kusini tulikokimbilia, kulikuwa na kituo kidogo, na injini ya zamani ya mvuke iliwavuta watalii mpaka ukingo wa Bonde la Vilima Elfu. Watu walitazama milima, wakanywa chai, wakarudi. Mimi nilikuwa nalinda magari ya watu pale Berea. Mama mmoja ambaye gari lake nililitazama kila siku alikuwa na tiketi mbili, akaumwa mgongo, akanipa mimi.

Mke wangu Antoinette alikataa wiki nzima. Jumamosi jioni akasema, "Nitapanda. Lakini mzigo wangu utakaa miguuni pangu." Nikamwambia sawa.

Mzigo wenyewe ulikuwa dumu la maji la lita ishirini, unga wa mihogo, samaki wakavu, sufuria, sahani, mbabula yetu, lile jiko la makaa, mkeka na mablanketi mawili. Mdogo wangu Josias, ambaye alikuwa anauza simu mjini, alitupeleka kwa gari la kuazima. Tangu Queensburgh alikuwa anacheka.

"Shemeji, unahama?"

"Endesha," Antoinette akasema.

"Ni saa mbili tu, kwenda na kurudi. Hata njaa haitapata nafasi ya kuja."

"Ile nyingine nayo walisema siku mbili."

Josias akaendesha.

Ile nyingine ni treni iliyotutoa Kalemie wakati wa vita. Walisema siku mbili, zikawa tisa. Tulikaa ndani ya behewa la mizigo, mlango umefungwa, watu themanini. Niliambiwa baadaye kwamba tulipita milima mizuri. Mimi niliona mbao. Kwenye kituo cha Kabalo walifungua mlango, na Colette, mdogo wake Antoinette, akashuka na sufuria kutafuta maji, kwa sababu yetu yalikwisha. Treni ikaondoka. Tulimwona anakimbia, sufuria mkononi. Hatujasikia habari zake mpaka leo.

Mimi nilikuwa mtu wa breki kwenye reli miaka kumi na moja. Siku ile sikuwa kazini, nilikuwa mzigo kama wengine, na mlangoni iko askari. Hayo ndiyo maelezo yangu. Antoinette hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kuyapenda.

Basi tukafika kituoni. Gadi wa treni alikuwa mwanamume wa umri wangu, amevaa kaptula ya kaki na soksi ndefu, filimbi shingoni, bendera ya kijani kwapani. Alitazama tiketi, akaona ni halali. Kisha akatazama mzigo.

"Mizigo hairuhusiwi. Vikapu vya chakula tu."

Kiingereza changu ni cha kuegesha magari: kulia, kushoto, asante, na sharp ya kusema sawa. Lakini hilo nilielewa. Nikamwambia, "Hiki ni chakula."

"Na hilo jiko?"

Nikamtafsiria Antoinette. Akasema, "Mwulize chakula kinapikwa mkononi?"

Nikamwuliza. Hakucheka. Nikamwonyesha mzee mmoja aliyekuwa anapandisha sanduku la barafu ambalo mtu angeweza kulala ndani, na wanawe nyuma yake na viti vinne vya kukunja. "Yule je?"

"Ile ni pikiniki."

"Na hii ni pikiniki ya kwetu. Moto hatuwashi ndani."

Akafikiri, akaonyesha behewa lake mwisho wa treni. "Basi weka huko kwangu. Utauchukua mkirudi."

Nilimtafsiria mke wangu, na niliona mikono yake inakaza kwenye dumu. "Miguuni," akasema. "Mwambie miguuni."

"Shemeji, niachie mimi," Josias akasema. "Nitakaa nao hapa kama mtoto."

"Wewe kaa na gari la watu."

Gadi akatazama saa. Antoinette akainua dumu. "Turudi, Ruphin. Nilikuambia mimi."

Nilijua tukirudi siku ile hatapanda tena treni maisha yake, na mimi nitakuwa nimekaa kimya mara ya pili. Nikachukua dumu mkononi mwake, nikaliweka ndani. Nikapandisha mbabula, sufuria, vyote. Nikampandisha yeye, nikamkalisha dirishani upande wa bonde, mzigo miguuni. Halafu nikashuka mpaka ngazi ya behewa, nikakaa pale, mlango wazi nyuma yangu.

"Ingia au shuka," gadi akasema.

"Mke wangu na mzigo wake wanakwenda. Ukikubali, naingia. Usipokubali, mimi niko sawa hapa."

"Siwezi kuondoa treni mtu akiwa kwenye ngazi."

"Najua. Ilikuwa kazi yangu."

Alinitazama upya. Gadi wa kweli hawezi kuinua bendera mtu akiwa kwenye ngazi, hata akitukanwa na treni nzima. Kalemie nilishawahi kusimamisha treni dakika arobaini kwa ajili ya mlevi mmoja. Siku ya Kabalo nilijua hayo yote. Ngazi ilikuwepo. Sikwenda kukaa.

Dakika tano zikapita, kumi. Watu walitoa vichwa madirishani. Mmoja aliuliza kama tumeharibikiwa. Mwingine alisema waite polisi, na mimi nikamwambia waite, polisi wakija itachelewa zaidi. Josias alikuwa amejificha nyuma ya gari. Mbele, injini ikaanza kutapika mvuke kwa juu, kelele tupu. Fundi wa injini akachungulia, akapaza sauti kwamba anamwaga maji na makaa bure, na kama shida ni sufuria ya mtu, sufuria haimzuii yeye kupanda mlima.

Gadi akaja karibu. "Likimwagika tone moja la maji kwenye behewa langu..."

"Nitapangusa kwa shati langu."

"Ingia."

Nikaingia. Akapiga filimbi.

Antoinette alifumba macho mpaka kona ya tatu. Mguu mmoja ulikuwa juu ya dumu. Kisha treni ikalala kidogo upande wetu na mwanga ukaingia wote kwa pamoja, akafumbua. Vilima vilikuwa chini yetu, kimoja nyuma ya kingine, majani makavu ya kipupwe, nyumba za duara, mbuzi kwenye njia za udongo, na mbali kabisa ukuta wa buluu. Alifungua dirisha, akatoa mkono nje, akauacha huko.

Tulipokuwa tunarudi gadi alipita akitoboa tiketi. Akatazama mzigo, bado umefungwa.

"Hamkula?"

"Hatujafika," nikamjibu.

Tulipofika Antoinette hakwenda kwenye gari. Alitandika mkeka pale pale kwenye jukwaa la kituo, akawasha mbabula. Mama yao aliwafundisha kwamba chakula cha safari kinaliwa mnaposhuka, wote mliopanda, wala hakirudishwi nyumbani. Colette alipobaki, tuliposhuka Lubumbashi hatukula. Kile kidogo tulichokuwa nacho Antoinette alikitupa.

Gadi akaja na funguo. "Tunafunga kituo."

"Anasema nini?"

"Anafunga."

"Mwambie afunge tukimaliza." Alikuwa anasonga fufu bila kuinua kichwa. Aliweka sahani nne: yangu, yake, ya Josias, na moja iliyokaa mahali pasipo na mtu. "Na mwezi ujao tutakaa upande ule mwingine. Huko sikuona vizuri."

Gadi alisimama, funguo mkononi, akatusubiri.