Kinyozi Kauza Saluni

Kinyozi alikuwa na saluni mbili. Moja ilikuwa ya kunyolea, chumba chenye vioo vinavyotazamana na benchi la wateja wanaosubiri. Nyingine ilikuwa ya magurudumu, gari la rangi ya majivu aliloliendesha tangu mapacha wake wakiwa wa kubebwa mpaka wakaota ndevu na kwenda kusoma mbali. Ile ya kunyolea haikuwahi kumnyima usingizi. Iliyomvuruga kichwa ni hii ya pili.

Aliyeanzisha maneno ni shemeji yake, kaka wa mkewe, dalali wa magari, mtu ambaye ukimwuliza njia anaweza kukuuzia barabara. Alikuja kunyolewa, akaliona gari limeegeshwa nje, akaguna.

"Shemeji, hili unangojea nini? Gari kila mwaka linashuka bei. Leo bado lina mnunuzi. Ukichelewa utaliuza kwa kilo, kama chuma chakavu."

Mhasibu, mteja wa miaka mingi, akainua macho kutoka kwenye gazeti. "Usimtishe mwenzio. Anayeumia ni anayenunua jipya. Akitoka nalo getini tu, bei imeshaporomoka. Huyu hasara yake alishaimaliza zamani. Sasa hivi analiendesha kwa raha tu."

"Raha gani, na vipuri vinaanza kuadimika?"

"Vipuri vipo," akadakia dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi. "Amwage oili kwa wakati, asikilize injini inasemaje, litamzika. Mimi langu ni la umri huohuo na ukiliwasha husikii kitu." Akakuna kidevu. "Ila siku gia zikigoma, hapo ndipo utajuta kwa nini hukuuza."

"Sasa wewe uko upande gani?" mhasibu akamwuliza.

"Nasema ukweli tu."

Kinyozi alisimama na mashine yake mkononi, inanguruma hewani. Kila aliyesema alimwona ana haki. Shemeji akisema, alitikisa kichwa kukubali. Mhasibu akimjibu, alitikisa tena. Ilibidi shemeji amkumbushe kwamba amenyolewa upande mmoja tu.

Jioni aliyabeba yote nyumbani, akamwagia mkewe mezani. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, amezoea watu wanaolia bila kujua wanalilia nini. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Mapacha, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Mimi? Mhasibu anasema..."

"Sijamwuliza mhasibu."

Kinyozi aliangalia dirishani, gari lilipo, kana kwamba huenda lenyewe lingejibu. "Sijui, mama. Nikilikalia naona nachelewa. Nikitaka kuliuza naona nakurupuka."

Mwishowe aliliuza, na hata hapo si kwamba alikata shauri. Shemeji alimletea mnunuzi asubuhi moja kabla hajamaliza kufagia nywele za jana. Alikuwa mkunga, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alilizunguka gari, akafungua milango yote, akakaa kwenye usukani, akasema, "Hili hapa nalitaka." Walielewana bei mlemle kwenye saluni ya kunyolea. Kuhamisha kadi ya gari wangekwenda wiki inayofuata, kila mtu akipata nafasi. Kinyozi alikabidhi ufunguo, akasimama mlangoni na ufagio wake, akalitazama gari lake likikunja kona. Alihisi kama mtu aliyetaka kupiga chafya ikampotelea puani.

Kufikia mchana habari zilikuwa zimeenea mtaani: Kinyozi kauza saluni. Wateja wakaanza kumiminika na ndevu za juzi, wanahema. Mmoja alimletea watoto wake wote wanne wanyolewe kabla duka halijafungwa. Mwingine alitaka kujua kama mnunuzi anajua kunyoa vichwa vyenye kovu. Kinyozi alieleza mpaka sauti ikamkauka kwamba kilichouzwa ni gari. Wengine waliondoka hawajaamini, wakamwambia wanaelewa, mambo ni magumu kwa kila mtu.

Likaja sasa suala la kununua jingine. Shemeji alimpeleka yadi, akamtembeza baina ya magari yaliyong'arishwa mpaka Kinyozi akajiona amejaa kwenye kila mlango, mfupi kwenye huu, mnene kwenye ule.

"Panda hili la juu. Huoni unavyoitawala barabara?"

Kinyozi akapanda. Kweli aliiona barabara yote. Kisha akamfikiria mkewe na magoti yake mabovu, akashuka.

"Basi hili, linatumia mafuta na umeme. Kituo cha mafuta watakusahau sura."

"Betri yake ikifa?"

"Unabadilisha."

"Kwa bei gani?"

Shemeji akakohoa, akamsogeza kwenye gari jingine. "Hili dogo. Linaingia popote."

"Na siku nikitaka kuliuza?"

"Shemeji, hujanunua unawaza kuuza!"

"Si wewe uliyeniambia kila mwaka linashuka?"

Alitoka yadi ana kizunguzungu cha kweli, si cha kusimuliwa. Akaamua kutembea kwa miguu hewa imrudie, halafu apitie duka la dawa kumchukulia mkewe dawa ya magoti. Alipoingia dukani alikuwa bado anabishana na shemeji kichwani, hata waliosimama kaunta hakuwatazama. Alipotoka alikuwa anabishana na mhasibu. Mbele yake, kando ya barabara, chini ya kibao cha duka, gari lake la rangi ya majivu lilikuwa limeegeshwa.

Hakushtuka hata kidogo. Kwa nini ashtuke? Alikuwa ametoka dukani, gari lake lipo nje, kama ilivyokuwa miaka yote. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa mtungo wa funguo za saluni. Humo mlikuwamo ufunguo wa akiba wa gari, ambao katika pilikapilika za kuuza hakuna aliyeukumbuka. Akafungua, akaketi, akawasha. Ndani palinukia manukato. Akadhani ya mkewe. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kidogo. Akakivuta mbele bila kufikiri, akaingiza gia, huyo akaondoka. Njia nzima aliwaza juu ya betri.

Alipoingia uani kwake, mkewe alikuwa anaanika nguo. Alimtazama akishuka, akalitazama gari, akamtazama tena.

"Baba Mapacha. Hilo gari la nani?"

"Letu," Kinyozi akasema.

"Letu si uliliuza?"

Mfuko wa dawa ulimponyoka mkononi. Aliangalia ufunguo, kisha gari, kisha ufunguo. Maneno ya mkewe aliyasikia yote ila hayakuungana. Na kabla hayajaungana, mkewe akasogea dirisha la nyuma, akachungulia, akapiga yowe la kumezwa nusu.

"Na huyu bibi je?"

Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amejikunja mama mmoja mzee, shuka mapajani, bandeji nyeupe machoni, amelala fofofo. Yowe lilimwamsha. Akanyoosha mkono hewani akipapasa.

"Tumefika, mwanangu? Dawa umezipata?"

Gari la watu Kinyozi angeweza kulieleza. Mama wa watu angeanzia wapi?

"Shikamoo, mama," alisema, kwa kuwa hilo ndilo pekee alilokuwa na uhakika nalo.

"Marahaba." Akatega sikio. "Wewe si binti yangu."

"Hapana, mama. Mimi ni... Mimi ni mwenye gari. Yaani nilikuwa mwenye gari. Nimelichukua kwa kusahau."

"Kusahau nini?"

"Kwamba nimeliuza."

Mama yule akatafakari, kichwa kimeinama. "Mimi nimetolewa mtoto wa jicho leo," akasema. "Daktari kaniambia nisilie na nisicheke. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usinieleze zaidi. Nirudishe tu."

Mkewe akapanda nyuma bila hata kuvua kanga ya jikoni, akamshika mkono yule mama. Kinyozi akageuza gari. Akampigia simu shemeji ili apate namba ya mkunga, akamwambia, "Shemeji, nimeliiba lile gari, na mama wa yule mkunga yumo ndani." Shemeji akauliza kwa sauti ya chini kama basi lile dogo la yadi halitaki tena. Kinyozi hakumwelewa, akakata.

Pale duka la dawa watu walikuwa wamejaa. Mkunga alikuwa katikati, chupa ya dawa ya macho imemganda mkononi, anamweleza askari jambo ambalo halimwingii askari akilini: ameingia dukani muda mfupi tu, ametoka, hakuna gari, hakuna mama. Gari lilipoibuka kwenye kona, mkunga aliliendea mbio kabla halijasimama. Alifungua mlango wa nyuma, akamshika mama yake uso, mabega, mikono, kama anavyokagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Alipomwona mzima, ndipo akamgeukia Kinyozi.

"Wewe! Kumbe ni wewe! Umeniuzia gari juzijuzi tu, unakuja kuliiba?"

"Sikuiba, dada. Nimelizoea."

"Nini?"

"Mikono imelizoea. Mimi mwenyewe sikuwepo."

Umati ukaangua kicheko. Askari akaomba kadi ya gari. Mkunga akaitoa kwenye dashibodi. Askari akaisoma, akamwuliza Kinyozi jina, akasoma tena, na uso wake ukakunjamana.

"Dada, hapa gari ni la huyu bwana."

"Nimelinunua!"

"Kadi inasema ni lake. Sasa kama ni lake, hawezi kuliiba. Na kama wewe umekutwa nalo..."

"Afande, ni la kwake," Kinyozi akadakia, jasho linamtoka. "Hatujabadilisha tu."

"Kwa hiyo unakiri umechukua gari lisilo lako?"

"Nakiri. Hapana. Nakiri nini sasa?"

Askari alivua kofia, akajifuta paji la uso. Yeye pia alionekana amepotea njia. Mwishowe ni yule mama aliyewaokoa, sauti yake ikitoka kwenye kiti cha nyuma.

"Mwacheni. Kaendesha vizuri mno. Binti yangu, ukiendesha wewe breki zako zinanirusha kama gunia. Leo nimelala."

Mkunga akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa yamemlowa, lakini mdomo ulikuwa unapigana na kicheko. "Sijalizoea bado," akasema polepole. "Linanguruma nikikunja kulia, najua litazimika. Buti haifunguki. Dirisha la nyuma likishuka halipandi. Kila siku najiuliza kama nimepigwa."

"Hukupigwa," Kinyozi akasema, na kwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa sauti yake haikuyumba. "Njoo."

Askari alipoona wawili hao wameinama pamoja kwenye buti, alivaa kofia akaenda zake. Kinyozi alimwonyesha mkunga kwamba buti husukumwa chini kidogo ndipo ivutwe juu. Dirisha husaidiwa na kiganja. Ule mngurumo wa kulia ni wa kawaida. Wa kuogopa ni wa kushoto, na haujawahi kusikika. Alikaa pembeni yake, wakazunguka mtaa, mkunga akikanyaga breki na Kinyozi akimwambia, "Taratibu, kama unamkanyaga paka aliyelala," huku wale mama wawili nyuma wakipiga soga kama ndugu. Kisha akautoa ufunguo wa akiba kwenye mtungo. Ulikuwa umekaza, kucha ikamkatika. Akaukabidhi, na safari hii hapakuwa na chafya iliyopotea.

Walirudi nyumbani kwa miguu, magoti ya mkewe yakilalamika njia nzima.

"Umejua sasa unataka nini?" mkewe akauliza.

"Sijui. Ila nimechoka kuuliza watu."

Kesho yake walikwenda yadi pamoja. Mkewe hakuuliza bei ya kuuzia wala ya betri. Alifungua mlango wa kila gari, akakaa, akanyanyuka, akatazama magoti yanasemaje. Lililomfaa lilikuwa saluni nyeupe ya kawaida, si jipya, si la zamani sana.

"Shemeji, una uhakika?" dalali akauliza, amevunjika moyo. "Kwenye kuuza hili..."

"Sina uhakika," Kinyozi akasema. "Lete kadi tubadilishe leoleo."

Walipotoka getini mvua ilianza kumwagika. Kinyozi alibonyeza alipodhani pana wipa, honi ikalia. Akabonyeza pengine, redio ikafunguka kwa kishindo. Mbele hawaoni kitu, nyuma magari yanawapigia kelele. Akasogea kando, akasimama, akaanza kupapasa kitufe kimoja baada ya kingine.

"Jaribu hicho," mkewe akasema.

Akakibonyeza. Kiti cha mkewe kikaanza kulala nyuma, polepole, naye ndani yake, amekumbatia dawa za magoti kifuani, anacheka mpaka anakosa pumzi.